Shangazi wa Sakafu Baridi

Waswidi wote huvua viatu mlangoni, na sisi tuliohamia tumeiga. Shangazi alivua na soksi. Aliingia nyumbani kwa mtu, akaketi, akazichomoa moja baada ya nyingine, akazikunja na kuzitia mfukoni mwa koti. Kisha akasimama peku ukumbini, ametulia, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza simu yenye sauti ndogo. Ndipo aliposalimia. Kama sakafu yako ilikuwa baridi, ulisalimiwa vizuri: ukaulizwa watoto, ukaulizwa mgongo, ukaulizwa mpaka habari za mama yako aliyebaki nyumbani. Kama sakafu yako ilikuwa na joto, ulipewa mkono wa harakaharaka, soksi zikarudi miguuni, na chai yako ikapoa mezani bila mnywaji.

Kwangu chai ilipoa kila mara. Mimi ni fundi wa vigae. Kazi yangu ni mabafu, na katika nchi hii watu wanapenda bafu lenye joto la sakafuni kuliko wanavyopenda jamaa zao. Kabla ya kulaza vigae natandika waya mwembamba unaozungukazunguka sakafu nzima, namwaga saruji laini juu yake, na wewe mteja asubuhi ya Januari unakanyaga sakafu yenye joto la mkate na kulibariki jina langu. Nyumbani kwangu nimeutandika waya huo bafuni, jikoni na hata ukumbini, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeutandika. Fikiria mwenyewe ujirani wetu ulivyokuwa.

Tuliishi jengo moja Hallunda, kitongoji cha wahamiaji pembeni mwa mji mkuu, yeye ghorofa ya juu yangu. Watu wetu wote pale, Warundi, Wakongomani, Waganda, walimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewaachia makarani. Alitokea Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa. Mimi nilikulia kambini Kigoma, nikajiona mwenye Kiswahili safi, naye hakuniacha hivihivi. "Fundi anaongea kama redio," alikuwa akiwaambia watu. "Ukimsikiliza sana utasubiri taarifa ya habari."

Nilimjua hasa wakati kampuni ya nyumba ilipobadilisha mabomba ya jengo letu na kukarabati mabafu yote. Mwajiri wangu alipata kazi hiyo, nikajikuta nafanya kazi kwenye jengo ninamolala. Siku niliyofika kwake na bunda la waya, alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu, peku, juu ya zege tupu, mwezi wa pili.

"Hiyo nini?"

"Waya wa joto, Shangazi. Sakafu itakuwa na moto kidogo. Utafurahi."

"Oya."

"Kila mtu anawekewa."

"Oya, nimesema hapana. Moto wa sakafuni? Na nani atakuwa huko chini anauchochea?"

Nikacheka. Nikamwonyesha waya, nikamweleza habari za umeme, tena kwa subira ya mtu anayelipwa kwa saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali lilelile, polepole zaidi, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

Niliutandika waya kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Haikupita muda akanigongea mlango, anataka niuondoe. Nikamwambia kwenye ukuta wa bafu kuna kidude cha kurekebisha joto, akizungushe mpaka mwisho na waya utazimika. Akatikisa kichwa. "Kuzima ni kuwalaza tu, Fundi. Kesho mtu atawaamsha. Mimi nataka waende nyumbani." Mwishowe nilikuja na mwenzangu wa umeme, tukaukata waya pale unapoingia ukutani. Shangazi alisimama juu ya vigae vipya akisubiri vipoe, na vilipopoa uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nilishuka kwangu nikamwambia mke wangu kwamba jirani wa juu ana wazimu wa upole.

Ilinichukua miaka kujua hao watu wa chini ni akina nani. Nitalisema hapa mapema, ili wewe usimcheke kama nilivyomcheka mimi.

Kabla ya Uswidi, Shangazi alikuwa mtumishi wa ndani Beirut. Familia ya wafanyabiashara aliyoifanyia kazi Bujumbura ilirudi kwao ikamchukua, kama ilivyochukua makochi. Pasipoti yake ilikaa kwenye kabati la mwenye nyumba, na ufunguo wa mlango ulikaa kwenye mkoba wa mkewe. Jumapili aliruhusiwa kwenda kanisani na kurudi. Kanisa hilo lilikuwa katikati ya mji, na karibu nalo, chini kidogo ya barabara, katikati ya mabenki na majumba ya serikali, kulikuwa na magofu ya hamamu ya Warumi. Zamani ilikuwa nyumba ya kuogea watu wote wa mji. Sasa limebaki shimo la wazi lenye mawe, maua yamepandwa pembeni, na uzio wa chuma ili watu wasitumbukie. Ndani ya shimo vimesimama vinguzo vifupi vya matofali ya mviringo, safu kwa safu, kama chapati alizozipanga mpishi asiyejua kuacha.

Pale uzioni ndipo alipokutana na yule aliyemwita Mkenya wangu. Hakumtajia jina jingine mbele yangu, nami nitamwita hivyohivyo. Naye alikuwa mtumishi, upande mwingine wa mji. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha: wote wawili walikuwa na kipande kidogo tu cha wiki cha kusema bila kutafsiri kichwani. Jumapili moja kiongozi wa watalii alisimama karibu yao akieleza kwa Kifaransa, na Shangazi akamtafsiria mwenzake. Kwamba vinguzo vile vilibeba sakafu. Kwamba moto ulipita chini ya sakafu, katikati ya vinguzo, na waungwana wakaoga juu kwa raha zao. Kwamba waliochochea moto walikuwa watumwa, walikaa kulekule chini kwenye moshi, na walihesabiwa kuwa wafanyakazi wazuri pale ambapo hakuna mtu wa juu aliyewakumbuka.

Mkenya alicheka mpaka watalii wakageuka. "Kumbe hata Warumi walikuwa na mahausigeli!" Akavua kandambili, akaweka unyayo juu ya jiwe moja la kale lililotokeza nje ya uzio, akauliza kwa sauti ya mke wa bosi wake, ile ya puani:

"Bado baridi?"

Na Shangazi, bila kufikiri, akajibu, "Baridi. Wamekwenda nyumbani."

Ikawa ndiyo salamu yao. Kila Jumapili Mkenya alivua viatu, akakanyaga jiwe, akauliza, na Shangazi akajibu. Hawakubadilishana zamu hata mara moja, maana mchezo ulizaliwa hivyo. Hawakuwa na simu, wala hakuna aliyejua vizuri nyumba ya mwenzake ilipo, basi wakaahidiana: yeyote atakayepotea, akifukuzwa, akitoroka, akihamishwa, aje hamamuni Jumapili asubiri uzioni. Mwenzake atakuja.

Kisha, kiangazi kimoja, vikaja vita, mabomu, na meli za kuwachukua watu wenye uraia wa nje. Dada wa mwenye nyumba alikuwa raia wa Uswidi, amekuja likizo kutoka Södertälje na watoto wadogo. Katikati ya wiki walimpa Shangazi mtoto wa kubeba, wakapanda naye melini. Mkenya alikuwa upande wa mji uliokuwa ukipigwa, katika nyumba ambayo, Shangazi alijua, mlango wake ulifungwa kwa nje. Jumapili iliyofuata Shangazi alikuwa Södertälje, ameinama juu ya beseni la vyombo vya watu wengine.

Basi alipoingia kwako akasimama peku, alikuwa anauliza jambo hilo. Alikuwa anauliza kama watu wa chini wameachiwa.

Mlango wake mwenyewe haukuwahi kufungwa kwa ufunguo. Hallunda! Nilimkemea kama ndugu. "Utaibiwa, Shangazi." Akanijibu, "Mwizi akiingia atatoka. Tatizo langu ni milango ambayo watu hawatoki." Na kweli aliibiwa, wakachukua birika la umeme na koti zuri la baridi. Kesho yake mlango ulikuwa wazi kama kawaida, ila alikuwa amebandika karatasi kwa Kiswidi kibovu: kahawa iko kabatini, birika mmeshachukua nyinyi.

Kuhusu mabomba sina hakika kama nicheke. Kila vuli, joto linapowashwa jengo zima, mabomba ya Hallunda hugonga. Ni chuma kinachotanuka kwa maji ya moto, mtoto wa shule anajua. Shangazi aliyajibu. Nilimsikia kupitia dari, sauti ya chini, ya kubembeleza: "Nimewasikia. Mpumzike. Nimewasikia." Binti yangu alipandishwa juu siku moja kumpelekea maharage, akarudi na swali kwa Kiswidi, maana Kiswahili hukitumia akitaka kitu: "Pappa, varför viskar hon till elementet?" Kwa nini ananong'onezana na chuma cha joto? Nikamwambia anasali. Lakini tangu siku hiyo mabomba yakigonga naacha kutafuna. Mimi ni mtu wa rula na pima maji, na nakiri kwamba niliogopa, na mpaka leo naogopa kidogo.

Kosa lilikuwa langu pia. Nilitaka kumtuliza, nikamweleza kwamba joto la jengo letu halitoki chini ya jengo. Linatoka kwenye mtambo mkubwa wa kuchemsha maji, mbali, ambako wanachoma taka na vipande vya miti, kisha maji yanaletwa kwa mabomba chini ya ardhi. Nilidhani nimemaliza. Yeye alisikia kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo kuna watu."

"Wapo wafanyakazi, ndiyo. Wanalipwa vizuri kuliko mimi."

"Jumapili wanatoka?"

Nilimwambia sijui. Wiki hiyohiyo alikaanga mandazi, akafunga kwenye taulo, akapanda basi mpaka getini kwa mtambo. Nusura mlinzi amwite polisi. Baadaye alitoka mwanamume mmoja mwenye kofia ngumu, mwenye ndevu nyekundu, akala andazi amesimama, akala jingine, na Shangazi akamwuliza maswali yake yote. Aliporudi alipita kwangu moja kwa moja.

"Fundi, donc, sikia. Jumapili nyingine anafanya kazi, nyingine hafanyi."

"Si nilikuambia?"

"Ngoja. Nikamwambia anionyeshe ufunguo wake. Akautoa mfukoni. Mfukoni mwake mwenyewe, Fundi, wa nyumbani kwake na wa kazini pia." Akapiga magoti yake kwa viganja. "Yule ni mzima. Yule sina wasiwasi naye."

Kila msimu wa baridi alimpelekea mandazi, na nasikia yule mtu aliwaambukiza wenzake uroho huo.

Msinione namchora mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Alimgombeza kila mtu wa kampuni ya nyumba kwa lugha zote alizozijua, na alizozijua nusu alizitumia kwa nguvu zaidi. Hakupenda kushukuriwa, ukimwambia asante alikuuliza kama umemwona ni hoteli. Alichukia joto la miguuni, lakini chai yake ilichemka mpaka ikaunguza ulimi, na mwilini alivaa masweta matatu. Alifanya usafi kwenye bwawa la kuogelea la ndani huko mjini, miaka nenda miaka rudi, katikati ya wazee wa Kiswidi wanaoelea kama mandazi kwenye mafuta, na hakuwahi kutia hata kidole cha mguu majini. "Mimi na nyumba za kuogea," alisema, "mmoja wetu lazima awe amevaa nguo." Wenzake wapya aliwafundisha kazi kwa sentensi moja: uliza kwanza nani yuko chini. Waliidhania kuwa ni habari ya pampu.

Na kulikuwa na kusubiri kwake. Ukiahidiana na Shangazi, huthubutu kuchelewa, si kwa sababu ataondoka bali kwa sababu hataondoka. Nimewahi kumkuta stesheni ya Hallunda, upepo unakata masikio, amesimama juu ya benchi ili aonekane, treni zinakuja na kwenda. Alikuwa anamsubiri mama mmoja wa kwaya ambaye alikuwa amelala nyumbani na homa. Nilimwambia ashuke twende. Akanitazama kama niliyemtukana. "Na akija asinikute?"

Kwa hiyo nilishindwa kumwelewa pale alipopata uraia. Alipata pasipoti ya Uswidi, yake mwenyewe, ndani ya mkoba wake mwenyewe, na nikadhani kesho yake nitasikia yuko uwanja wa ndege wa Arlanda. Hakwenda. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Mwanamke aliyekwenda kugonga geti la mtambo wa moto akiwa na mandazi alikuwa anaogopa uzio wa yale magofu. Siku moja nilimkabili jikoni kwake.

"Shangazi, nenda. Jumapili moja tu. Mimi nitakupeleka Arlanda."

"Nikienda nimkose?"

"Basi utakuwa umejua."

"Ego, kweli. Ndiyo maana siendi." Alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho. "Hapa nilipo, Fundi, kila Jumapili yupo pale. Nikiamka namwona. Amevua viatu, anauliza. Nikienda nikute jiwe tupu, nitakuwa nimemwua kwa tiketi."

Nilichukua kisu kingine nikamsaidia viazi.

Kilichompeleka ni miguu. Sukari ilikuwa imemwingia zamani na hakuijali, mpaka nyayo zikaanza kufa ganzi. Daktari wa kliniki alimchoma vidole kwa kijiti, akamwuliza kama anasikia, na vidole vingine havikusikia. Akaja kwangu, akavua soksi ukumbini, juu ya sakafu yangu ya joto, akasimama. Nilisubiri anipe uso wa kawaida, ule wa kukunja pua. Akasimama sana.

"Umezima?" akaniuliza.

Sikuwa nimezima. Nilitamani kusema nimezima, na sikusema, na alijua. Aliketi akavaa soksi zake taratibu. "Bado kisigino kinasikia," alisema. "Nitamkatia tiketi huyu kabla hajalala." Nilimpeleka Arlanda mwenyewe, na njia nzima alikuwa anaikanyagakanyaga sakafu ya gari.

Aliporudi alinipigia simu nipande juu, mchana, peke yangu. Alikuwa hajafungua sanduku. Nitaandika alivyonieleza, bila kuongeza.

Magofu yalikuwa palepale, uzio umepakwa rangi mpya. Alifika mapema, kabla ibada haijaisha, akashika chuma. Mkenya hakuwepo. Alijiambia asubiri. Watu wa kanisa walipotoka, wasichana wa kazi walianza kushuka barabara kwa makundi, Waethiopia, Waganda, wa kutoka Ufilipino, nguo za Jumapili, simu mkononi. Msichana mmoja Mwethiopia, mdogo sana, alijitenga, akaja mpaka uzioni, hatua chache kutoka kwa Shangazi. Akavua viatu. Akaweka unyayo juu ya jiwe.

"Bado baridi?" akasema.

Shangazi alisema moyo wake ulitoka ukarudi. Alimjibu maneno mengi ya Kiswahili kwa pupa, na msichana akamtazama tu, hajui neno jingine hata moja. Ikabidi wasemezane kwa Kiarabu cha jikoni, kile ambacho watumishi wote wa mji ule hujifunza kwa kutumwa.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Nimewakuta wenzangu wanasema. Ukija mara ya kwanza unavua viatu unasema. Na ukipotezana na mtu, unakuja hapa."

"Maana yake nini?"

"Hakuna anayejua. Ni ya zamani."

"Na ukishasema, unajibiwaje?"

Msichana alifikiri. "Hujibiwi," alisema. "Lipo jibu, lakini wanasema mwenyewe alisafiri. Tunasema, tunanyamaza kidogo, tunavaa viatu."

Shangazi alipofika hapo alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. "Alitoka, Fundi. Ule mlango alitoka. Akaja, akauliza. Akaja tena akauliza. Amesimama pale mpaka watoto wa watu wakalisikia swali lile, wakalishika, wakadhani ni desturi." Alijifuta kwa mkono wa sweta. "Nilidhani nitarudi nimejua kama amekufa. Sasa nimejua alinisubiri. Afadhali ningejua amekufa."

"Alikwenda wapi baadaye?"

"Nimewauliza wote. Hakuna aliyemwona kwa macho. Hawajui hata kama alikuwepo."

Nilimwuliza kama alimjibu yule msichana. Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza kitu kisicho na haja ya kuulizwa. Alikuwa amemjibu, ndiyo. Kisha msichana akawaita wenzake, na Shangazi akalirudia jibu neno kwa neno, wakalitamka kombokombo, akawarekebisha, mpaka wakalipata. Na yeye mwenyewe alivua viatu akakanyaga jiwe. Kisigino kilisikia. Lilikuwa baridi.

Baada ya safari hiyo alidhoofika haraka. Nilitegemea atakuwa mwepesi, ikawa kinyume. Aliacha kusema na mabomba. Nilipomwuliza akanijibu kwamba alikuwa anawapa watu wa chini matumaini asiyoweza kuyatimiza. Jumapili hakutoka nyumbani, alikaa dirishani akitazama uwanja wa maduka. Halafu kidonda cha mguu, halafu hospitali, halafu kiti cha magurudumu, na lifti ya jengo letu haina uaminifu. Wakampatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, na nafasi ilipatikana Södertälje, mji uleule alioingilia nchi hii akiwa amebeba mtoto wa wengine. Alicheka aliposikia. "Nimezunguka nikarudi kwenye beseni," alisema.

Nilikwenda kumwona nikiwa na mandazi ya mke wangu, ambayo si kama yake na alinieleza hivyo kabla hajameza. Chumba kilikuwa kizuri, kina mwanga, dirisha linatazama miti ya misonobari. Mlango wake ulikuwa umeegemezwa kwa kiti ili usijifunge. Tukazungumza habari za Hallunda, nani amehama, nani ameoza meno, na mwanamume wa ndevu nyekundu aliyefunga safari kuja kumjulia hali. Alikuwa amekonda mabegani. Miguu yake ilikuwa kwenye soksi nene za sufu, imewekwa juu ya vikanyagio vya kiti kama vitu vya mtu mwingine.

Katikati ya mazungumzo akanyoosha kidole kuelekea bafuni.

"Fundi. Vua soksi."

Nilijua anachotaka. Nikavua, nikazikunja, nikazitia mfukoni. Nikamsukuma kiti chake mpaka mlangoni mwa bafu, nikaingia, nikasimama peku juu ya vigae. Ilikuwa kazi nzuri, niseme ukweli, viungo vimenyooka, mteremko wa maji sawasawa. Na ilikuwa na joto. Joto la mkate, kila kona, lilinipanda mpaka kwenye magoti.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiliuliza swali lile yeye mwenyewe, maana halikuwa lake, lilikuwa la mwenzake. Siku hiyo alilisema, polepole, bila sauti ya puani.

"Bado baridi?"

"Baridi, Shangazi," nikasema. "Wamekwenda nyumbani."

Alifumba macho. Sijui kama aliniamini, na sikumwuliza. Ukutani, nyuma ya taulo, niliona kile kidude ninachokijua kuliko uso wangu. Nikakizungusha mpaka mwisho bila kufanya kelele. Kisha nikaketi chini pale mlangoni, karibu na miguu yake, nyayo zangu juu ya vigae, nikakaa naye mpaka ikawa kweli.